Aliyekaa kwa Kimaiyo Kabla ya Kimaiyo

Kimaiyo alianza kujitayarisha kuzeeka akiwa na miaka arobaini na saba, na pale kiwandani hakuna mtu aliyejitayarisha kama yeye.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha maziwa, upande wa chini wa mji wa Nakuru, huko ambako upepo wa kiangazi ukivuma kutoka ziwani unaleta vumbi jeupe mpaka ndani ya kikombe cha chai. Aliingia hapo kijana wa miaka ishirini na miwili, akabeba kreti miaka minne, halafu siku moja akaitwa kwa boila, ule mtambo wa mvuke, kushikilia nafasi ya mtu aliyekuwa ameungua mkono. Yule mtu hakurudi. Basi Kimaiyo akawa mtu wa boila. Kazi ya boila ni kuangalia. Unaangalia maji, unaangalia mshale wa presha, unaangalia moto kwa kile kidirisha kidogo cha kioo, na siku ikiisha bila mtu yeyote kukumbuka kwamba uko, ujue umefanya kazi vizuri. Tabia hiyo ilimwingia mwilini. Hata nyumbani, kwenye kota ya vyumba viwili aliyopewa na kiwanda, alikuwa mtu wa kuangalia kuliko kuongea. Mke wake Chelimo, aliyekuwa akifuma masweta ya shule kwa mashine hapo barazani, alizoea kusema kwamba huyu bwana akinyamaza siku mbili, yeye huenda kumgusa aone kama bado ana joto.

Mwaka huo wa arobaini na saba, kiwanda kilileta mwalimu wa mambo ya kustaafu. Watu waliketi kwenye ukumbi wa chakula, wakapewa soda na daftari. Asubuhi mwalimu alifundisha pesa: jenga kabla hujatoka, weka kitu cha kukulisha, usile kiinua mgongo chote mwaka wa kwanza kama watu wanavyofanya, wananunua gari kuukuu na gari linawala. Kimaiyo aliandika yote. Mchana mwalimu alifundisha namna ya kurudi kukaa na watu baada ya kuzoea kazi, lakini hiyo Kimaiyo hakuisikia, maana presha ilikuwa imeshuka akaitwa kwa boila. Karanja, mwenzake wa zamu, alimwambia jioni kwamba hakukosa kitu. Zilikuwa hadithi tu.

Kuanzia siku hiyo daftari lile likawa kama Biblia yake ya pili. Kila mwaka ulikuwa na jina lake: mwaka wa shamba, mwaka wa msingi, mwaka wa mabati, mwaka wa tangi la maji. Hakununua shamba kwao Ravine, kwa sababu la baba yao lilikuwa limegawanywa kwa ndugu saba likabaki kama leso. Alinunua ekari mbili Kuresoi, juu kule baada ya Molo, karibu na msitu, mahali ambapo viazi vinamea hata ukivisahau na baridi inaingia mifupani mwezi wa saba. Hakuwa na ndugu huko wala rafiki. Kitu kilichomvuta ni udongo mweusi, na bei ambayo mtu wa boila angeiweza. Akajenga nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, na jikoni pembeni, jiko la kuni lenye bomba la moshi. Alipomaliza alikuwa na miaka arobaini na tisa. Miaka kumi na moja ilikuwa imebaki ndipo apate kuhamia.

Hapo sasa ndipo mambo yalipoanza kupinda.

Karanja naye alikuwa amejenga, kwao Kabazi, nyumba nzuri ya mawe. Akaifunga akarudi kazini. Jumamosi moja alienda na mke wake kuiangalia wakakuta kuta. Mabati hayapo, madirisha hayapo, mlango wa choo haupo, hata misumari ilikuwa imeng'olewa mmoja mmoja na mtu asiye na haraka. Karanja aliporudi kazini alicheka akisimulia, lakini aliisimulia tena kila zamu wiki nzima. Kimaiyo alimsikiliza na hakulala.

Wiki iliyofuata alipanda Kuresoi akatafuta mtu. Alimpata Kipkemei, mwanamume wa kimo chake, mwembamba kama yeye, aliyekaa ng'ambo ya mto, mahali pa mbali kidogo ambapo watu wa upande huu hawakumjua vizuri. Kimaiyo hakumwandika kulinda. Mlinzi anaonyesha kwamba mwenyewe hayupo. Alimwandika kukaa kama mwenyewe. Akampa ovaroli yake kuukuu ya bluu na kofia yake ya sufi. Kila siku saa kumi na moja jioni Kipkemei apite njia ya msituni, aingie, avae ovaroli, awashe moto jikoni mpaka moshi uonekane barabarani, azungukezunguke uani kwa mwendo aliomwonyesha, aanike shati kwenye kamba. Giza likikaribia avue, arudi kwake kwa njia ile ile ya msituni. Na jambo moja Kimaiyo alilirudia mara tatu, akilihesabu kuwa ndiyo akili yenyewe ya mpango wote: asiongee na mtu. Akisalimiwa asijibu. Akiitwa asigeuke. Akifungua mdomo watamjua kwa sauti kwamba ni Kipkemei wa ng'ambo, na habari ya nyumba tupu itafika Molo kabla ya jua kutua.

Kipkemei aliuliza kama si vibaya kutojibu salamu. Kimaiyo alimwambia hiyo ndiyo kazi.

Na mpango ulifanya kazi. Miaka kumi na moja hakuna msumari uliopotea. Kimaiyo mwenyewe alipanda mara mbili kwa mwaka, Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani, akahesabu mabati, akaandika kwenye daftari, akateremka kabla ya saa nane. Chelimo alikuwa akimuuliza huko tutakaa na nani, naye alijibu kwamba huko kuna watu, si msitu mtupu. Chelimo akasema hakuuliza kama kuna watu.

Alipofika miaka sitini walimpa saa ya ukutani, blanketi na picha ya pamoja. Walimpa pia karatasi inayosema arudishe ufunguo wa kota mwisho wa mwezi, maana kuna mtu mwingine wa boila anayesubiri kuingia. Walihama na lori la viazi lililokuwa likirudi juu bila mzigo. Ilikuwa mwezi wa tano, siku za ukungu, ule ukungu wa Kuresoi usioteremka kutoka juu bali unatoka kwenye mitaro na kupanda magotini. Kimaiyo alikuwa amebaki na siku nane za kota. Alipanga waache vitu, walale juu siku chache, kisha arudi kukabidhi ufunguo kama mtu mwenye kwake.

Lori lilipopinda kona ya mwisho, moshi ulikuwa unapanda kutoka jikoni, umenyooka, kwa sababu hapakuwa na upepo. Kimaiyo alifurahi. Alimwambia Chelimo kwamba Kipkemei ni mtu wa maana, ametutayarishia. Walipoingia uani hapakuwa na mtu. Moto ulikuwa umepangwa vizuri, kuni tatu zikitazamana. Ovaroli ilikuwa kwenye kamba. Chelimo aliishika, akaondoa mkono haraka. Alingoja lori liondoke. Halafu akasema ina joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Kimaiyo alisema ni moshi wa jikoni umeipasha.

Kesho yake alienda dukani kununua chumvi. Mwenye duka alimwangalia usoni muda mrefu kuliko inavyofaa, akaweka chumvi juu ya meza, na chenji akaiweka juu ya meza pia, mbali na mkono wake. Wanaume wawili waliokuwa kwenye benchi waliinuka wakaenda kusimama upande ule mwingine wa barabara. Hakuna aliyekuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliyomsumbua. Walikuwa wakimpisha namna watu wanavyopisha mazishi ya mtu wasiyemjua.

Chelimo naye alitoka na mtungi kutafuta maziwa. Boma la kwanza aliambiwa ng'ombe amekauka. La pili, ng'ombe amekauka. La tatu alimsikia ng'ombe akilia kwa kiwele kilichojaa nyuma ya nyumba wakati mwenye boma anamwambia amekauka. Alirudi na mtungi mtupu, akauweka mezani mbele ya bwana yake, wakanywa chai ya rangi.

Jioni, saa kumi na moja, Kimaiyo alikuwa nyuma ya nyumba akipima mahali pa kuchimba shimo la takataka. Chelimo alikuwa chumbani akikunjua blanketi. Harufu ya moto ikawafikia wote wawili. Kimaiyo alidhani Chelimo amewasha. Chelimo alidhani Kimaiyo. Walikutana mlangoni mwa jikoni kila mmoja akitokea upande wake, wakaangaliana, na ndani kuni tatu zilikuwa zinawaka.

"Kipkemei?" Kimaiyo aliita.

Kamba ilikuwa tupu. Ovaroli haikuwako. Waliitafuta mpaka kwenye ua wa miti, na waliporudi ilikuwa kwenye kamba.

Usiku huo Chelimo alisema maneno machache, na Kimaiyo aliyajua kuwa ni ya mwisho. Alisema yeye haogopi baridi wala kuni. Lakini hatakaa mahali ambapo akianguka hakuna mkono wa kumshika. Kota iko mpaka Jumatatu. Jumatatu yeye atakuwa Nakuru, hata kama ni kupanga chumba kimoja na mashine yake ya masweta, na Kimaiyo atachagua atakaa na nani: na yeye, au na huyo aliyeko jikoni. Kimaiyo alilala akiangalia mabati. Alikuwa ameyahesabu miaka kumi na moja, aliyajua yote. Kila kitu alichowahi kufanyia kazi kilikuwa juu ya kichwa chake na chini ya mgongo wake, na hapakuwa na kitu kingine popote. Angeuza? Nani angenunua?

Asubuhi alivuka mto kwenda kwa Kipkemei. Alimkuta ameketi nje juu ya gunia, mguu mmoja umevimba kama gogo na umefungwa kitambaa. Alipomwona Kimaiyo alijaribu kusimama akashindwa.

"Mzee, nilijua utakuja," alisema. "Nimekula pesa yako. Mguu ulitaka dawa."

Kimaiyo hakuelewa. Akamuuliza pesa gani, na moto wa jana uliwashwa na nani.

Kipkemei alieleza polepole, akiangalia chini. Hajakanyaga kule tangu mwezi wa tatu mwaka jana. Miezi kumi na minne. Mshahara ulipoendelea kuingia kwenye simu alinyamaza kwa aibu, na kila alipotaka kusema aliona moshi ng'ambo, akajiambia mzee ameandika mtu mwingine na hii anayonitumia ni huruma.

"Mimi sijaandika mtu," Kimaiyo alisema.

"Najua sasa." Kipkemei alikaza kitambaa cha mguu. "Hata mguu haukunitoa mimi, mzee. Ulikuja baadaye. Mimi nilitoka kwa sababu ile miezi ya mwisho nilikuwa nikifika saa kumi na moja nakuta moto umewaka. Nikajiambia labda niliuacha jana. Halafu nikawa nakuta ovaroli haiko. Siku moja nimesimama kwa miti namna hii, nikaona mgongo wake anaanika shati. Mwendo ni wangu. Ule mwendo ulionifundisha wewe. Nikamwita."

"Akasema nini?"

"Si uliniambia nikiitwa nisigeuke? Na yeye hakugeuka."

Kimaiyo alirudi akipita njia ya barabara, si ya msituni. Karibu na kwake kulikuwa na boma la mama mmoja mzee, Cheruto, mjane, jirani wa kwanza kabisa, ua kwa ua. Ndilo lile boma la ng'ombe aliyelia. Kimaiyo alisimama kwenye lango lake dakika nyingi. Mtu aliyekaa na boila miaka thelathini na nne hajui kubisha hodi, mambo mengi humjia yenyewe. Mwisho alisema hodi, kwa sauti ndogo, kisha kubwa kidogo.

Cheruto alitoka na ungo wa maharagwe mkononi. Alikuwa mfupi, macho makali, na umri wa kuweza kumwita Kimaiyo kijana bila kukosea. Alimwangalia kuanzia viatu.

"Rudia," alisema.

"Hodi, mama. Habari ya asubuhi."

"Rudia tena." Kimaiyo akarudia. Cheruto aliweka ungo chini. "Kumbe uko na sauti. Miaka kumi na moja nimekusalimia kwa huu ua mpaka nikachoka. Nikawaambia watu huyu ni bubu. Wakasema bubu hupunga mkono."

Hakumkaribisha ndani, lakini alimwonyesha kigogo akae. Kisha akamwambia habari zote, bila kupandisha sauti, huku akichagua maharagwe. Mwanzoni walimsubiri. Mtu akihamia mahali, watu wanampa mwezi, labda ana mambo yake. Walimletea viazi vya kukaribisha, vikaoza langoni. Mtoto wa mtu alivunjika mguu hapo hapo mbele ya nyumba, akalia saa nzima, na mtu wa ovaroli alikuwa anaanika shati. Bwana wa Cheruto alipokufa, jioni ya siku ya mazishi, vijana walienda kwa ua kumwomba asaidie kubeba viti. Alisimama, akawapa mgongo, akaingia jikoni, na moshi ukatoka.

"Tukasema basi," Cheruto alisema. "Huyo si mtu. Tukaacha kupita na watoto jioni."

Kimaiyo alitaka kusema kwamba huyo hakuwa yeye, alikuwa Kipkemei wa ng'ambo, mtu maskini anayefuata maagizo. Neno lilimfika mdomoni likamgeukia, kwa sababu maagizo yalikuwa ya nani? Akamwambia Cheruto ukweli wote, kuanzia mabati ya Karanja mpaka ovaroli yenye joto. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuongea kwa muda mrefu namna hiyo bila kusimama. Maharagwe yaliisha kabla yeye hajaisha.

Cheruto alifikiri. Halafu akauliza swali ambalo Kimaiyo hakulitegemea. Nani aliwasha moto wa kwanza kwa hiyo nyumba?

"Kipkemei."

"Kwa kiberiti?"

"Kwa kiberiti."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini."

Cheruto alitikisa kichwa kama mtu anayeangalia kidonda cha mtoto. Huko kwenu Ravine hamfanyi hivi? Huku, alisema, mtu akijenga, jirani ndiye humletea moto wa kwanza, kaa la moto kutoka jikoni kwake, na watu wanaketi hapo wanakunywa maziwa mpaka jikoni panapata kuwajua. Mtu hawashi mwenyewe, sembuse kumlipa mwingine awashe na amkataze kuongea. Wewe uliwasha moto wa mtu asiye na jirani, akasema, na ukaulisha miaka kumi na moja, kila jioni saa ile ile, bila kukosa. Sasa unashangaa amekuja kuuota?

"Nifanye nini, mama?"

"Sijui. Mambo haya sijawahi kuyaona. Lakini Jumamosi nitakuletea moto. Hilo najua kulifanya."

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito mpaka ng'ombe walifungiwa mapema. Kimaiyo na Chelimo walimfuata Cheruto kwake saa kumi. Chelimo alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake, nalo liliachwa mlangoni, na Cheruto aliambiwa habari hiyo bila kuuliza. Mama yule mzee alichota makaa na koleo, akayaweka kwenye chungu chenye majivu, akakifunika kwa kipande cha bati, akakibeba mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa. Njiani alimwuliza Chelimo kama ana watoto, na Chelimo akamwambia juu ya Becky aliye mwalimu Eldoret, na Cheruto akauliza Becky anapenda nini kula. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wahamie Chelimo kuulizwa kitu.

Walipofika langoni walisimama wote watatu. Moshi ulikuwa unapanda kutoka jikoni. Haukuwa mwembamba kama siku zile nyingine. Ulikuwa moshi wa mtu anayepikia watu wengi, mweupe, ukitoka kwa bomba na kwa nafasi za mbao na chini ya mlango, ukiingia kwenye ukungu mpaka usijue kipi ni kipi. Kamba ilikuwa tupu. Saa kumi na moja ilikuwa haijafika.

Chelimo alishika mkono wa bwana yake. Kimaiyo alimwangalia Cheruto, akangoja aseme neno la wazee, sala au kitu. Cheruto alikuwa ameshikilia chungu chake kifuani kwa sababu ya joto.

"Mimi siingii kwa moto mbili," alisema. "Nenda umtoe. Wewe ndiye ulimwandika kazi."

Kimaiyo aliuvuka uwanja peke yake. Alifungua mlango. Ndani hapakuwa na giza, kulikuwa na mwanga mwekundu wa moto mkubwa, na kigoda kimewekwa mbele yake, karibu, mahali ambapo mtu angeketi akiwa anaangalia. Juu ya kigoda hapakuwa na mtu. Lakini Kimaiyo alijua kuangalia. Aliona majivu ya chini ya kigoda yamekandamizwa na visigino viwili. Aliona moshi, ambao ulijaza jikoni yote, ukipinda kuzunguka mahali pale juu ya kigoda, kama maji yanavyopinda kwa jiwe. Nafasi yenyewe ilikuwa na mabega.

Ndipo lilipomjia, si kwa hekima yoyote, ni vile alivyozoea kuangalia mshale, kwamba aliyekuwa pale hakuwa amekaa kwa ubaya. Alikuwa anaangalia moto. Alikuwa amefanya kazi aliyoambiwa, akaifanya hata mwenye mshahara alipoondoka, na hakuna siku mtu alikuja kumwambia imetosha.

Kimaiyo akavua kofia.

"Mimi ndiye mwenye hapa," alisema. "Nilikuweka kwa sababu niliogopa. Nikakuambia usijibu watu. Hilo kosa ni langu, wewe hulijui. Kazi yako imeisha. Leo. Unaweza kuongea sasa na yeyote unayetaka, huko uendako. Lakini hapa utoke."

Hakuna kilichosogea. Kimaiyo alichukua ndoo ya maji iliyokuwa nyuma ya mlango akaimwaga yote juu ya moto. Alijua mvuke, aliishi nao maisha yake yote, lakini ule uliotoka hakuwahi kuuona: ulipanda bila sauti, ukasimama mbele yake kimo cha mtu, ukawa baridi. Alihisi kitu kikipita karibu na bega lake la kushoto, namna unavyopishana na mwenzako wa zamu mlangoni, yeye anatoka na wewe unaingia. Mlango uligonga ukuta.

Nje, Chelimo hakuona chochote. Ndivyo anavyosema mpaka leo, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi. Aliona ukungu, aliona mlango umefunguka. Anachokumbuka ni kwamba Cheruto, aliyekuwa amesimama katikati ya njia na chungu chake, alipiga hatua mbili pembeni akaingia kwenye majani yenye umande, kama mtu anayempisha mzee barabarani. Akainamisha kichwa kidogo. Akangoja. Kisha akageuza uso polepole kuelekea langoni, akifuata kwa macho, na hata mbali zaidi, upande wa barabara inayoteremka Molo.

"Haya," alisema. "Tuingie, makaa yanapoa."

Majivu yalikuwa yamelowa, ikawabidi wayakwangue yote na koleo na kuyatupa nje, na Kimaiyo alikwenda kuleta kuni kavu kutoka chini ya kitanda. Cheruto aliweka makaa yake, akapiga magoti, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Moto ulisumbua. Ulizimika mara mbili. Mara ya tatu ulishika, moto mdogo tu, wenye moshi mwingi kuliko mwali, na wote watatu wakakohoa pamoja wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Chelimo aliweka sufuria. Chai ilikuwa ya rangi. Cheruto alionja, akakunja uso, akaangalia ndani ya kikombe kama mtu aliyeibiwa.

"Hii ni nini mnanipa? Mama Becky, kesho usinywe hii kitu. Ng'ombe wangu anakamuliwa asubuhi saa kumi na mbili na jioni saa kumi. Jumatatu pia."

Chelimo aliuliza Jumatatu saa ngapi.

"Saa kumi na mbili, nimesema. Uje na mtungi mkubwa."

Chelimo alifikiri kidogo, akamwambia bwana yake kwamba basi, Jumatatu ateremke peke yake Nakuru kurudisha ufunguo, na njiani akirudi apitie kwa fundi amletee mafuta ya mashine, maana kwa baridi hii masweta yatahitajika. Kimaiyo alisema sawa. Akatafuta daftari lake aandike, hakuliona karibu, akaacha.